Kwa Ufupi Tu, Sista

Pale kliniki ya afya ya akili walimwita Sista Redio, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa na kipaji cha kushika sauti za watu. Namna daktari mkuu anavyokohoa kabla ya kumkaripia mtu, namna mlinzi anavyoapa kwamba hakuwa amelala, vyote alivitoa kama vilivyo, na watu kwenye chumba cha chai wakavunjika mbavu. Kazi yao ilikuwa nzito. Mtu aliyeshinda akisikiliza vilio vya wenzake anahitaji pa kupumulia, na pa kupumulia palikuwa kwa Redio.

Basi yakaja mafunzo. Wauguzi, matabibu na maafisa ustawi wa jamii kutoka vituo mbalimbali walikusanywa kwenye ukumbi wa mikutano wa hospitali wajifunze tiba inayolenga suluhisho. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu wanyamaze ili wamsikie.

"Mmezoea kuchimba tatizo," aliwaambia. "Mnachimba mpaka mnatumbukia humo pamoja na mgonjwa. Hapa tutajifunza kumuuliza anataka maisha yake yaweje, na ni lini mzigo unakuwa mwepesi kidogo. Ana nguvu zake tayari. Sisi tunamsaidia azione."

Akaomba mtu mmoja aje mbele aigize mgonjwa, ili yeye aonyeshe maswali yanavyoulizwa. Hata hajamaliza, watu wa kliniki walishaanza kumsukuma Redio mabegani. "Nenda bwana, unajivunga nini?" Redio akainuka, akijifanya hataki.

Angeweza kubuni mtu. Hilo ndilo alilojiuliza baadaye, tena na tena. Lakini alipokalia kiti cha mbele na kuona nyuso zote zimemkodolea, alichukua kilichokuwa karibu. Mabega yakashuka, mkoba akaupakata kwa mikono miwili, na mdomoni ikatoka sauti ya mzee.

"Kwa ufupi tu, sista. Mimi sina shida. Ni usingizi tu. Na miguu. Na yule jirani yangu. Lakini kwa ufupi, ngoja nianzie pale nilipostaafu…"

Ukumbi ukalipuka. Watu wa kliniki ndio waliocheka zaidi, kwa maana mzee huyo walimjua. Alikuwa mgonjwa wao halisi, na walishampa jina, Mzee Kwa Ufupi. Kicheko kikamnogea Redio, akaenda mbele.

"Leo tena, sista, nimepika chai, nimemimina vikombe viwili. Nikamwita mke wangu, 'Mama, chai inapoa.' Nikakaa namngoja. Nimengoja mpaka ikapoa kweli, ndipo nikakumbuka kwamba nilishamzika."

Alilisema hilo huku ameukazia macho mlango, mdomo wazi kidogo, kama mzee mwenyewe anavyofanya. Wapo waliocheka kweli, na wapo waliocheka kwa sababu wenzao wanacheka. Mkufunzi naye alitabasamu, kisha akaendelea na maswali yake. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa amenyamaza, mwanamume wa shati la mistari kwenye safu ya nyuma, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akicheka kama wengine. Redio alimwona. Mchekeshaji hakosi kumwona asiyecheka. Akajisemea, huyu naye anajisikia.

Mchana waliambiwa wakae wawili wawili, kila mtu na mtu asiyefanya naye kazi, waulizane maswali waliyojifunza. Yule wa shati la mistari alikuja moja kwa moja kwa Redio. Alimwambia yeye ni afisa ustawi kwenye makao ya watoto, upande wa pili wa mji. Wakavuta viti vyao mpaka kwenye ukumbi mdogo wa nje, karibu na ndoo za kudekia. Zamu ya kuuliza ikawa ya Redio.

"Haya kaka," alisema kwa uchangamfu wake wote. "Tuseme leo umelala, na usingizini muujiza umetokea, tatizo lako limekwisha. Ukiamka, ni kitu gani kitakuonyesha kwamba mambo yamebadilika?"

Yule mwanamume aliangalia viatu vyake.

"Nitaamka nikiwa sijui kwamba baba yangu anamwita mama aje kunywa chai."

Redio hakuelewa. Kisha akaelewa, na tabasamu likamgandia usoni kama kitu cha mtu mwingine alichosahau kukirudisha.

"Yule ni baba yako?"

"Ni baba yangu. 'Kwa ufupi tu' ni maneno yake tangu mimi mdogo. Nilipoyasikia nilicheka, nikasema moyoni, kumbe kuna mzee mwingine kama wangu. Halafu ukaukazia mlango macho kama yeye, ukasema habari ya vikombe. Hiyo hajawahi kuniambia. Nampigia simu, ananijibu yuko salama. Leo nimeijua mbele ya umati, watu wanacheka. Na mimi nilikuwa nimeshacheka nao, sista. Hilo ndilo linaloniuma."

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye aliyekuwa na sauti za watu wote, yake mwenyewe haikutoka.

"Akitoka kwenu," mwanamume aliendelea, "huwa ananiambia, 'Yule sista amenisikiliza mpaka mwisho.' Hakuna mtu anayemsifia kama anavyokusifia wewe."

Na lililomchoma Redio ni kwamba ilikuwa kweli. Alimsikiliza mzee yule kuliko alivyomsikiliza mgonjwa yeyote. Hakupitwa hata na pumzi yake. Alikuwa akimsikiliza kama mwizi anavyoikagua nyumba ya watu.

"Nisamehe, kaka," alisema hatimaye. "Nitakwenda kwake. Nitamwomba radhi mwenyewe."

"Usimwambie."

"Nitawezaje kumtazama usoni bila…"

"Utamwambia ili wewe upumue. Yeye atabaki na nini? Atajua kwamba wote mnamcheka, na hatakanyaga tena hapo kliniki. Hana pengine pa kusemea." Alisimama, akarudisha kiti mahali pake. "Mimi sikushtaki popote. Ila usimwambie."

Jioni ile Redio alifika nyumbani akajifungia bafuni, akafungua bomba, akalia maji yakimwagika. Mume wake alipomuuliza alisema ni kichwa. Wanawe walimwomba awaigizie mwalimu wao kama kawaida, akawaambia wakalale.

Kesho yake mkufunzi alifikia somo la kipimo, ambapo mgonjwa anaulizwa, kuanzia sifuri hadi kumi, leo yuko wapi. "Tumrudishe yule mzee wetu wa jana," alisema akicheka kidogo. Watu wakapiga makofi. Mfamasia wa kliniki, aliyekuwa shoga yake Redio, akaita kwa sauti ya kukwaruza, "Kwa ufupi tu, sista!"

Redio alisimama alipokuwa. Hakuthubutu kuangalia safu ya nyuma.

"Simwigizi tena," alisema. "Yule si wa kubuni. Ni mgonjwa wangu. Yale aliniambia mlango ukiwa umefungwa, nami nikayaleta hapa ili mcheke… ili mnipende. Naomba mnisamehe."

Mkufunzi alivua miwani, akasema, "Na mimi nilicheka. Ilinipasa niulize." Kisha akaigiza mgonjwa wa kubuni yeye mwenyewe, na somo likaendelea kwa kusuasua. Wakati wa chai hakuna aliyekaa karibu na Redio. Alimsikia mfamasia akinong'ona, "Ameanza kujifanya mtakatifu." Redio akajikaza kisabuni, akanywa chai yake amesimama. Yule mwanamume wa shati la mistari alipita, akamwitikia kwa kichwa tu, akaenda zake.

Siku ya kliniki ilipowadia, mzee alikuja mapema kama kawaida yake, mkoba kifuani. Redio alimwamkia akiwa ameinamisha macho kwenye dawa.

"Marahaba, mwanangu. Kwa ufupi tu, sista, nina habari. Yule kijana wangu amekuja nyumbani. Ghafla tu, hata hakupiga simu. Tangu mama yake afariki tulikuwa hatumtaji, kila mmoja anamlinda mwenzake. Safari hii kaanza yeye. Tumemzungumza marehemu mpaka chakula kikaungua. Sijui ni nani kamgusa moyo."

Redio alifunga kichupa cha dawa, akakifungua, akakifunga tena. Wema huo ulikuwa umepita kwenye uchafu wake, na hakuona haki ya kuufurahia. Neno lilimjaa mdomoni. Akakumbuka alichoombwa, akalimeza.

"Mzee," alisema, "tangu tuonane mara ya mwisho, ni lini ulijisikia nafuu, hata kidogo?"

Mzee akafungua mdomo aanze safari yake ndefu, kisha akasita. "Hujawahi kuniuliza hivyo."

"Sijawahi. Nimekosea."

"Basi ni pale chakula kilipoungua. Tulicheka wote wawili." Akamtazama vizuri. "Mbona leo umepooza? Unaumwa?"

"Nimechoka tu, baba."

"Pumzika. Wewe unatubeba wengi."

Redio aliinuka haraka, akasema atamsindikiza hadi getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mzee alishika mkono wake, wakaenda polepole kando ya foleni ya wagonjwa, akimsimulia habari ya jirani, na mbwa wa jirani, na ukuta. Walipofika kwenye ngazi Redio alihisi midomo yake inachezacheza yenyewe, inafuata maneno ya mzee kwa mazoea, inashika ule mkwaruzo. Akaiuma. Mzee hakuona. Alikuwa akiangalia anapokanyaga, akiendelea kusimulia.