Makofi ya Saa Nane Mchana

Mimi nikilala nimelala. Fofofo, sina ndoto wala habari, na nikiamka najua ni saa ngapi na nini kimebaki jikoni. Kaka yangu Eleuterio alikuwa kinyume changu kabisa. Niliishi naye nyumba moja hapa Pozo Callado miaka thelathini na moja, tangu nilipofiwa na mume wangu, na katika miaka yote hiyo sidhani kama kuna siku aliamka mzima mzima. Siku zote kuna kipande chake kilichobaki huko.

Watu wa mji walimwita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Alifundisha falsafa katika chuo cha walimu wa kike mpaka akastaafu, na alipokuwa kijana alichapisha kitabu kimoja. Hoja yake ilikuwa moja tu na aliing'ang'ania kama kupe: kwamba yanayompata mtu usingizini yamempata kweli. Aliyefurahi ndotoni amefurahi, aliyeumizwa ameumia, na hakuna wa kumdai ushahidi. Mimi nilikuwa namwambia, haya, basi leo nenda ukale chakula cha mchana huko huko, uniachie huu wali. Alikuwa anasogeza sahani yake.

Msidhani yalikuwa maneno ya kitabuni tu. Kuna mwaka aliota nimemgombeza mbele ya wageni. Alininunia wiki nzima. Nikasema, kaka, mimi sijakugombeza, nilikuwa jikoni nakanda unga wa mkate. Akasema, "Najua, Fina, lakini uligomba." Mwishowe nilichoka na ule ukimya, nikamwomba radhi kwa kosa nisilolifanya, naye akanisamehe kwa moyo mkunjufu. Mtu unaishi na kiumbe kama huyo, utafanyaje?

Kitabu chake kilisomwa na panya kuliko watu. Gazeti moja la Buenos Aires lilikiandikia mistari minne, likasema mwandishi huyu wa mikoani anaandika kama mtu anayesinzia. Nililia kwa hasira. Yeye alicheka, akakata kile kipande cha gazeti akakibandika ukutani, ila siku ile hakumaliza chakula chake.

Halafu kuna jambo la mwaka wa thelathini na nne, ambalo sina budi kulisema. Maktaba ya makao makuu ya mkoa ilimwalika atoe mhadhara. Tukaenda kwa treni, yeye kavaa koti la harusi ya marehemu baba. Mvua ikanyesha kama imetumwa. Walikuja wasikilizaji watatu: mimi, mke wa mkutubi, na mzee mmoja aliyeingia kukwepa mvua. Kaka alizungumza saa nzima na nusu, vizuri, sijawahi kumsikia akizungumza vizuri hivyo, akafika mwisho, akakunja karatasi zake, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli mkono huu na pochi mkono huu. Ninahangaika kuviweka chini nipige makofi, mkutubi akazima taa. Hakuna aliyepiga. Tulirudi kwa treni ya usiku, na mwavuli ule niliugawa kesho yake.

Tangu hapo hakualikwa tena popote. Ndipo akaanza kuhutubia usingizini. Kila siku baada ya chakula cha mchana alijilaza kwenye kitanda chake cha kamba barazani, madirisha yamefungwa, joto limekaa juu ya mabati, na huko alikokwenda kulikuwa na ukumbi. Saa kumi nampelekea kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya moto, ananyonya mrija, ananisimulia.

"Leo walijaa, Fina."

"Akina nani?"

"Siwajui. Mmoja alikuja na kuku."

"Wakapiga makofi?"

"Niliamka kabla." Kisha ananitazama kwa jicho la kuomba. "Wewe hukusikia chochote?"

"Nimesikia nzi."

Miaka yote ilikuwa ni hivyo. Aliamka kabla. Aliyoyasema ukumbini aliyaandika jioni kwenye madaftari, akafika daftari la arobaini na tatu, na hakuna aliyeyasoma isipokuwa mimi, nikiwa natafuta pa kuchambulia dengu. Aliniambia siku moja, na hakuwa anatania, kwamba haogopi kufa, anaogopa kufa kabla hajajua kama alieleweka. Nikamwambia anyamaze anywe.

Sasa sikilizeni. Kwetu hakuna mtu anayegonga mlango. Nyumba ziko ndani kwa ndani, geti liko barabarani, na mgeni husimama getini akapiga makofi mpaka mwenyeji atoke. Na kwetu vilevile hakuna anayepiga makofi kati ya saa saba na saa kumi mchana. Saa hizo mji umelala, hata mbwa hawabweki. Atakayepiga makofi saa hizo ni muuza brashi au mtu aliyekosa malezi, na dawa yake ni kutotoka. Hilo tumefundishwa tukiwa watoto na sikuwahi kuliuliza.

Ilikuwa Januari, mwaka wa sitini na moja. Joto lilinizuia usingizi, jambo la nadra kwangu. Saa nane kasoro nikasikia makofi getini. Hayakuwa ya mtu mmoja. Nikasema moyoni, leo muuza brashi kaja na ukoo wake. Yakaendelea. Nikageukia ukutani. Yakaendelea, makubwa, ya kujituma, mpaka nikachukua mto nikajifunika kichwa. Yakanyamaza. Nikashusha mto, na yakaanza upya, marefu kuliko ya kwanza. Nilibana mto masikioni, nikawatukana kimyakimya, nikakaa hivyo mpaka nikahakikisha wamekwenda.

Saa kumi kasoro nikatoka kumwagia maji mimea yangu, nikaona kadi imechomekwa getini. Niliisoma nimesimama juani. Walikuwa walimu watatu wa chuo kikuu kimoja cha Buenos Aires. Walikuwa wamekipata kitabu cha kaka kwenye duka la vitabu vikuukuu, na mwanafunzi wake mmoja wa zamani akawaambia kuna madaftari. Walitaka kuyachapisha yote. Mkuu wa stesheni aliwafundisha kwamba hapa watu hupiga makofi getini, nao wakapiga mara mbili, kwa muda mrefu, wakaona bila shaka Profesa amesafiri. Treni yao ingeondoka saa kumi na moja. Orodha ya vitabu vya mwaka ule ilikuwa inafungwa Jumatatu, na bila sahihi yake wasingeweza kumwingiza.

Mkuu wa stesheni aliwafundisha makofi, hakuwafundisha saa. Na mimi nikaufunika uso wangu kwa mto, mimi niliyekuwa naingoja siku hiyo kuliko yeye mwenyewe. Nilikaa chini palepale getini nikalia, kisha nikatia kadi kwenye mfuko wa aproni na kwenda kuchemsha maji, maana sikujua la kufanya.

Nilipofika barazani alikuwa ameketi kitandani, miguu imegusa sakafu. Machozi yanamtiririka na anatabasamu.

"Fina, wamepiga."

"Wamepiga nini?"

"Makofi. Nilifika mwisho, nikakunja karatasi, ukumbi ukawa kimya. Nikajua sasa ndiyo naamka. Sikuamka. Wakaanza wachache, halafu wengi. Wakanyamaza, nadhani walidhani nimeondoka. Nikageuka kuwatazama, wakaanza tena." Akapokea kibuyu. "Kwa muda mrefu, Fina. Sijui niseme muda gani."

Niliishika kadi mfukoni mwa aproni.

"Basi nimemaliza," akasema. Uso wake ulikuwa umetulia, sijauona hivyo tangu utotoni. "Yale madaftari ukitaka washia tanuri. Yalikuwa yanangoja hayo tu."

Hapo nilipata taabu ambayo simwombei mtu. Nikinyamaza, kaka yangu atabaki na makofi yake mpaka kufa, na kazi yake yote itakuwa majivu ya mkate. Nikisema, namnyang'anya kitu pekee alichopewa duniani, na juu ya hapo namwonyesha ni nani aliyewaacha wageni wake juani. Na saa ya ukutani inakwenda. Ilikuwa imegonga kumi na robo.

"Kaka," nikasema, "makofi yalikuwa getini." Nikampa kadi.

Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango. Alipoinua macho hakuniuliza habari za chuo kikuu wala za kitabu.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili. Nilijifunika mto, kaka. Nisamehe. Nilidhani ni muuza brashi."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani moyo umemshika. Alikuwa anacheka. "Miaka yote nakuuliza umesikia nini, unaniambia nzi. Siku ya kusikia kweli, unaziba masikio."

"Si la kucheka hili. Nimekuharibia."

"Umeniharibia nini? Wametoka mbali kwa ajili ya kazi yangu, wamesimama, wamepiga makofi, nami nimeyasikia. Niambie kinachokosekana."

"Inakosekana sahihi," nikasema, nikijipangusa kwa aproni. "Na treni ni saa kumi na moja. Vaa viatu."

Madaftari arobaini na matatu tuliyapakia kwenye toroli ya samadi, nikayafunika kwa kitambaa cha meza. Mimi nilisukuma na yeye akatembea mbele na koti la baba, polepole, anasimama kila baada ya nyumba mbili kuvuta pumzi. Watu walikuwa wanafungua madirisha baada ya kulala, wanatuona tunapita. Mmoja akauliza kama Profesa anahama. "Anachelewa," nikamjibu, "tupishe." Kwa mbali nilisikia treni inaingia na nikasukuma mpaka gurudumu likalia.

Walikuwa wameshapanda. Nilipiga kelele kama muuza samaki, na binti mmoja mwenye miwani akatoa kichwa dirishani, akaona toroli, akaruka chini na wenzake wawili nyuma yake. Vijana kabisa. Mkuu wa stesheni, aliyekwisha kujua kosa lake, alishika filimbi yake mkononi bila kuipuliza.

"Profesa, tusamehe," yule binti akasema. "Tumepiga makofi mpaka tukaona aibu. Ni hapa stesheni tulipoambiwa kwamba ile ilikuwa saa ya kulala."

"Niliwasikia," kaka akasema. Akavua kofia. "Mara ya kwanza na ya pili. Mlipiga vizuri sana. Ni mimi niliyechelewa kushuka jukwaani."

Wakatazamana, wakacheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mzee. Mimi sikucheka. Alitia sahihi juu ya mgongo wa sanduku lao, tukapitisha madaftari dirishani moja moja, na treni ikaondoka imechelewa dakika ishirini na mbili. Tulirudi na toroli tupu. Njiani alitaka tupumzike kila mahali, na kila tulipopumzika alinieleza ukumbi ulivyokuwa, mapazia, viti, yule mwenye kuku. Safari hii nilimsikiliza.

Mwezi wa Mei alilala mchana hakuamka. Nilimpelekea yerba saa kumi, nikaketi pembeni nikangoja aniambie leo wamekuja akina nani, mpaka maji yakapoa.

Kitabu kilifika Oktoba kwa posta, kizito, jina lake juu kwa herufi za dhahabu. Baada ya chakula cha mchana nilikichukua na kwenda nacho makaburini. Saa nane. Geti la chuma lilikuwa limefungwa, maana na mlinzi naye ni mtu wa hapa hapa na alikuwa amelala. Barabara yote haikuwa na mtu. Kitabu nilikiweka chini kwenye kivuli cha nguzo, pochi nikaiweka juu yake, mikono yangu ikabaki mitupu.

Nikapiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikaniwaka, nikanyamaza kidogo ili adhani nimeondoka, kisha nikaanza tena.