Mkanyago wa Kwanza

Mtaani walimwita Fundi Mwenyewe, na si kwa sifa. Kazi yake ilikuwa kunyoa watu, na kinyozi alikuwa mzuri, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Lakini kitu kikiharibika nyumbani kwake, hata fundi wa kweli awe amesimama mlangoni, jibu lilikuwa moja: "Acha, nitafanya mwenyewe." Bomba alilitengeneza, likahamia kuvuja pengine. Pasi aliitengeneza, na tangu hapo nguo zao zilipigwa pasi kwa jirani. Gari ndilo lililomvimbisha kichwa, maana siku moja alibadilisha plagi na likawaka.

Gari lenyewe lilikuwa dogo na kuukuu, na kwa haki lilikuwa la mkewe. Mke alikuwa mkunga, na watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Aliendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mumewe akikaa pembeni, safari nzima ilikuwa mahubiri. "Klachi hiyo unailalia! Angalia kioo! Sasa breki ya nini hapa?" Yeye alipoendesha, alishika usukani kwa mkono mmoja na kuteremka milima gia ikiwa huru ati abane mafuta, lakini nyani haoni kundule.

Breki zilipoanza kulia, alinunua pedi mpya. Akapiga jeki, akafungua magurudumu ya mbele, akasukuma pistoni nyuma kwa koleo ili pedi nene zipate nafasi, akafunga kila kitu. Mkewe alitoka ndani amevaa sare, amechelewa zamu.

"Liko tayari?"

"Kuliko lilivyotoka kiwandani."

Kilichofuata hakikuchukua muda wa kupiga chafya. Gari lilitoka uani, likateremka kimteremko cha mbele ya nyumba, likavuka barabara na kuliangusha geti la jirani. Taa zikavunjika, bampa likaning'inia. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa niaba yao. Mke alibaki ameng'ang'ania usukani, akirudia neno lile lile: "Breki zimekwenda mpaka chini. Hazikushika."

Jirani huyo alikuwa dereva mstaafu, Mzee wa Malori kwa watu wote, na neno lake juu ya magari lilikuwa hukumu. Alitoka na kandambili zake, akaingia kwenye gari, akakanyaga breki. Ngumu kama jiwe. Akalirudisha gari nyuma, akakanyaga tena, likasimama papo hapo.

"Breki nzima hizi, mama," alisema kwa upole. "Ulikanyaga mafuta. Hutokea."

Mke alimgeukia mumewe, akimtazama kwa macho ya kuomba msaada. Na mume akafanyaje? "Si nakwambia kila siku! Miguu yako haisikilizani!" Watu waliokusanyika wakacheka, naye akacheka nao.

Laiti angeishia hapo. Ulimi hauna mfupa, na wa kinyozi ndio kabisa. Kila aliyekaa kwenye kiti chake alisimuliwa jinsi mke alivyoona geti halimpishi akalikanyagia mafuta. Hadithi ilinoga, ikaongezwa chumvi, ikatoka nje na kutembea. Haikupita muda mke akawa Mama Geti. Wajawazito walimwita hivyo kliniki, wakimchekea kwa mapenzi, naye alijibu kwa tabasamu. Funguo za gari alizitundika nyuma ya mlango, akaanza kudamka kuwahi basi.

Jumapili mume akatengeneza taa, mwenyewe, bila shaka. Alipomaliza akataka kuzitazama zile pedi, kuzifurahia tu. Akafungua magurudumu, akasukuma pistoni, akafunga. Kisha akaketi kwenye usukani na kukanyaga breki.

Mguu ukazama mpaka chini bila kukutana na kitu.

Akakanyaga tena, pedali ikashika nusu. Mara ya tatu ikawa ngumu kama jiwe, na hapo akaelewa. Ukishasukuma pistoni nyuma, lazima ukanyage pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka pistoni zirudi kuzibana pedi. Mkanyago wa kwanza ni mtupu. Yeye mkanyago huo alimwachia mkewe, mteremkoni. Na mkewe kwa hofu alikanyaga tena na tena mpaka getini, akaziponya breki kwa mguu wake kabla Mzee wa Malori hajaja kuzipima.

Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua, aibu ya kuogopa hata kuingia kwenye nyumba yako. Mtu mzima angeinuka pale pale akaseme. Hakusema. Alinunua matunda. Aliosha vyombo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mkewe angeweza kumthibitishia hilo kwa ushahidi wa kazini, lakini bwana huyu aliendelea kuosha vyombo.

Mpaka jioni moja mkewe, akiwa anakunja sare, akasema, "Baba watoto, mlisema kweli. Nilikanyaga mafuta."

Mume akaiweka chini sahani aliyokuwa akiiosha.

"Mwanzoni ningeapa mguu ulikuwa kwenye breki. Sasa hata sijui. Jana nimepokea mtoto wa watu, mikono ikaanza kutetemeka. Nikajiuliza, kama mguu umenidanganya, mkono je? Kesho namwomba mkubwa wangu anitoe wodi ya uzazi. Nitakaa mapokezi."

"Usiende." Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Mguu wako haukukudanganya. Mimi ndiye niliyekudanganya." Akamweleza yote, pistoni na mkanyago wa kwanza, bila kuinua macho.

Mke aliacha kukunja. "Umejua lini?"

"Jumapili."

"Jumapili," alirudia. "Ndiyo maana ya matunda." Akamalizia kukunja sare. "Utakwenda kuwaambia wote uliowachekesha. Anza na Mzee wa Malori, na mimi nikiwepo."

Asubuhi walisimama mbele ya geti jipya, majirani wawili watatu wakisogea kusikiliza. Mume alisema yote. Mzee wa Malori akamsikiliza, kisha akampiga bega akicheka.

"Mume ndiye huyu! Kuibeba aibu ya mkeo mbele za watu! Mama, wewe una bahati."

Mke aliinamisha uso. Fundi Mwenyewe akaelewa kwamba hata kosa lake limegeuka sifa yake, na mkewe atazikwa akiitwa Mama Geti. Hakubishana. Alivuka barabara, akalileta gari pamoja na jeki, spana na koleo, akafungua magurudumu mbele ya macho yao, akasukuma pistoni, akafunga.

"Ingia, mzee. Kanyaga."

Mzee akaingia, bado anatabasamu. Akakanyaga. Goti likamwenda mbele, tabasamu likamtoka. "Ala!" Akakanyaga tena, na tena, hadi pedali ikawa ngumu. Alikaa humo kidogo, kisha akashuka na kuvua kofia.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi nilikanyaga baada yako."

Safari hii watu walimcheka mwenye koleo, tena kwa nguvu, na hakuna hata chembe ya kicheko hicho iliyompunguzia mzigo. Mke hakucheka. Alichukua funguo mfukoni mwa mumewe, akaketi, akakanyaga breki mara kadhaa.

"Nati umezikaza?"

"Nimezikaza."

Akamtazama. Kisha akashuka na sare yake nyeupe, akaokota spana pale chini, akapiga goti vumbini na kuzijaribu nati moja baada ya nyingine, mtaa mzima ukitazama, mumewe amesimama kando. Zote zilikuwa zimekazwa. Hakuacha hata moja.