Dakika Tisa Juu ya Tangi

Mwaka wa tatu baada ya uhuru, katika kiwanda kimoja cha sukari kisiwani Nosy Be, Bacar alishuka asubuhi kusafisha tangi la molasi lililochimbwa chini ya ardhi, asipande tena. Mwenzake alipochungulia aliona miguu tu, kule tangi linakopinda. Akapiga yowe.

Aliyeitwa ni Fahardine. Zamani alikuwa mwokoaji katika machimbo ya makaa ya mawe huko kusini, na ndiye aliyetunza vifaa viwili vya kupumulia vya kiwanda, kila kimoja na mtungi wa mgongoni, mpira wa hewa, na barakoa ya kufunika uso mzima. Aliteremsha taa kwa kamba. Kabla haijafika nusu, ikazimika.

"Hewa imeharibika," alisema. "Asishuke mtu bila barakoa."

Mwingine aliyefunzwa alikuwa mmoja tu, Chaher, shemeji yake Bacar. Alikuja mbio, akajitwika mtungi, akavaa barakoa. Fahardine aliubana ule mpira, akamwamuru avute pumzi. Barakoa ilipaswa kumganda usoni. Haikuganda. Hewa ilipenya mashavuni, katika ndevu nzito alizozifuga tangu Ramadhani.

"Inavuja. Huingii."

"Bacar anakufa!"

"Na wewe utakufa naye. Leteni wembe!"

"Basi shuka wewe!" Chaher alimshika ukosi. "Wewe huna ndevu, shuka!"

Fahardine alilitazama shimo. Peke yake angemfikia Bacar, lakini kumvuta kwenye ile kona na kumpandisha asingeweza. Naye akianguka, hakuna wa kumfuata. Kule machimboni aliwahi kumwona rafiki yake akivunja kwa huruma sharti la kutoshuka peke yako. Walitolewa maiti wawili badala ya mmoja. Hata hivyo miguu ilimwasha kushuka, na akaona aibu kuwa amesimama.

Wembe ulipatikana kwa mpishi. Chaher alinyolewa kavu, damu ikimchirizika shingoni, macho hayambanduki Fahardine. Zilipita dakika tisa. Barakoa ikaganda. Wakafungwa kamba, wakashuka pamoja, Fahardine akichungulia kipimo cha hewa kila hatua chache, wakamtoa Bacar akiwa amekwisha kukata roho. Alizikwa alasiri ile ile.

Chaher hakumsemesha tena. Wenzao kiwandani walipomwambia avuke aende mjini Mahajanga kumsimulia mkewe, alijibu, "Aende aliyesimama."

Fahardine akaenda. Huko, katika mtaa wa Mahabibo, alimkuta Koulsoum, mke wa Chaher na dada wa marehemu, ukumbini na wanawake wa jirani. Simu ya kifo ilikwisha kumfikia. Lakini jinsi kilivyotokea hakujua. Fahardine alimsimulia kwa Kikomoro, lugha ya kwao, bila kuficha hata ule wembe.

"Dakika ngapi, kaka?" Koulsoum aliuliza.

"Tisa."

"Ungeshuka papo hapo, angepona?"

Fahardine alikuwa amejiuliza hilo tangu melini, usingizi haumjii. Angeweza kusema hapana, wakamshukuru wote. "Sijui," alisema. "Huenda alikuwa amekwisha kufa taa ilipozimika. Huenda hakuwa. Sijui, dada."

Mwanamke mmoja aliguna. Koulsoum alikunja na kukunjua upindo wa kanga yake.

"Yule mdogo wangu, nilimbeba mgongoni," alisema hatimaye. "Na yule mwingine ni baba wa wanangu. Mmoja umenirudishia, mmoja hukunirudishia. Nikushukuru au nikulaani?"

"Lolote utakalosema nitalipokea."

"Leo sina la kusema." Alisimama. "Kesho ni hitima. Wanaume watasomea msikitini. Uende ukakae nao, usikae nyuma."

Fahardine aliinamisha kichwa. Alitoka nje, jua la Mahabibo likampiga usoni, akagundua kwamba hakujua msikiti uko upande gani, akarudi mlangoni kuuliza.