Sauti ya Tatu

Fundi wa mabomba hakuwa na piano, hakuwa na cheti cha muziki, hakuwa na suruali nyeusi ambayo haijaanza kung'aa magotini, wala jirani aliyemsalimu kwa moyo mkunjufu. Na katika wimbo ule mrefu aliopangiwa kupiga tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta na kusukuma, hakuwa na noti hata moja iliyokuwa yake peke yake.

Ulikuwa wimbo wa kwaya, wa zamani sana, na ni nadra kusikika. Mwalimu wa kwaya alisema ni kwa sababu ni mgumu. Waliohudhuria mazoezi walikuwa na maoni mengine. Kazi ya tromboni humo ilikuwa kufuata sauti ya tatu, wale wanaume wa sauti za juu, noti kwa noti, ili wasipotee.

"Nikikusikia," Mwalimu alimwambia, "ujue umeharibu."

"Na usiponisikia?"

"Basi umepiga vizuri."

Mtu mwingine angeyapenda masharti hayo. Lakini Fundi alikuwa amemwalika dada yake mkubwa.

Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimlea vizuri, ila tromboni hakuitaka ndani ya nyumba. "Bomba lako lipeleke nje," alikuwa akisema, na Fundi akalipeleka nje, mbali hata lisisikike. Sasa sikio la kushoto la Dada lilikuwa limekufa, na la kulia, daktari alisema, lisingemaliza mwaka. Ndipo Dada alipompigia simu: "Nataka nikusikie mara moja, kabla duka halijafungwa."

Onyesho lilikuwa hilo moja tu.

Siku yenyewe Dada aliketi mstari wa mbele. Aligeuza sikio la kulia kwenye kwaya, kwa hiyo uso wake ukatazama mlango. Fundi aliketi nyuma ya wanaume wa sauti ya nne, ambao walikuwa na mabega ya kutosha kuficha kabati. Alikuwa amekwishaamua. Karibu na mwisho angepuliza noti moja kwa nguvu zake zote, Dada asikie, Mwalimu afanye atakalo.

Ukurasa ulipofika, akavuta pumzi ya kujaza tangi.

Hapo hapo sauti ya tatu ikapotea. Wanaume wale wakatazamana kama watu walioulizwa nani kavunja kikombe, na mmoja baada ya mwingine wakanyamaza.

Fundi alikuwa na pumzi kifuani na dada mbele yake. Akaitoa ile pumzi polepole, laini, kama mtu anayeimba. Akaubeba wimbo peke yake, mpaka wale wanaume wakaona njia, wakarudi mmoja mmoja. Noti yake ya nguvu hakuipiga. Pumzi ilikuwa imekwisha.

Mlangoni Mwalimu alimpa mkono. "Leo sikukusikia kabisa," alisema, akapita.

Dada alikuwa akifuta macho.

"Kwaya imenipendeza," alisema. "Kuna mwanaume mmoja wa sauti ya tatu, pale wenzake walipochoka. Yule kanitoa machozi. Ameoa?"

"Ameoa."

"Basi mpe salamu zangu."

"Na mimi je, Dada?"

"Wewe, mdogo wangu, nisikudanganye. Sikukusikia."

Fundi akamsogelea sikioni, akaanza kumweleza.

"Sema kwa nguvu," Dada alisema.

Sauti ya tatu walikuwa wamesimama pale pale, wakipongezwa na wake zao. Fundi akasema kwa nguvu kwamba basi la Dada limekaribia kuondoka.

Kabla mwaka haujaisha, lile sikio la kulia nalo likafunga. Simu ikawa haina maana tena. Fundi akaketi mezani, akasogeza pembeni spana zake, akaandika:

"Dada yangu mpendwa, shikamoo. Salamu zako nilimfikishia yule mwanaume. Akasema nikuambie asante kwa kumlea. Anaomba radhi kwa kelele za bomba."

Aliisoma mara moja, akaikunja. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba kama anavyobana koki isivuje. Kesho yake, akienda kuzibua sinki la watu, akapitia posta akaitumbukiza.