Nyumba Isiyotoa Moshi

Nakwambieni mapema msije mkanilaumu mwisho: mie sipendi kushindwa. Mama yangu alikuwa hivyo, Mungu amrehemu, na bibi yangu alizidi. Mtu akiniletea bakuli la mchuzi, n'tamrudishia bakuli la mchuzi na kipande cha samaki juu yake. Akirudi na vipande viwili, basi huyo keshanichokoza.

Haya. Ilikuwa mwaka wa sabini na moja, na mjini vitu vilikuwa adimu. Mchele wa foleni, sukari ya foleni. Makaa ndiyo hayakuwa hata na foleni, maana utapanga foleni ya kitu gani na hakipo? Ukisikia yameshuka Darajani unakwenda mbio, ukifika unakuta vumbi lake na watu wanagombana. Mie na mume wangu Masoud, fundi seremala, na binti yetu Tabia, tulikuwa tunakaa Kiponda, ghorofa ya pili, kwenye kichochoro chembamba hata ukinyoosha mkono dirishani karibu unampa mkono jirani. Jirani mwenyewe ndiye Bi Badriya.

Bi Badriya kanizidi miaka kumi na tano. Alikuwa akiishi na mdogo wake Sleiman, mwalimu wa sayansi, kapera. Zamani walikuwa na mashamba ya karafuu Tunguu. Baada ya Mapinduzi mashamba yakagawiwa watu, eka tatu tatu, na kaka yangu mie alipata zake huko huko. Hilo sikumwambia Bi Badriya, wala yeye hakuniuliza. Tulikuwa tunaamkiana dirishani, shikamoo, marahaba, basi.

Siku moja nikatanabahi kuwa nyumba ile haitoi moshi. Mie ni mpishi, pua yangu inajua nani kapika nini kichochoro kizima. Siku ya kwanza nikasema labda wamealikwa. Ya pili nikasema labda wamefunga sunna. Siku ya tatu roho ikaniuma. Nikapakua wali na mchuzi wa papa kwenye sahani yangu ya maua mekundu, nikafunika kawa, nikavuka.

"Nimepika kingi, Bi Badriya. Kitamwagwa bure."

Urongo mtupu. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akafunga mlango upesi mno. Mie pale nje nikasema, tazama kiburi hicho!

Sasa mnaijua ada yetu: sahani ya jirani hairudi tupu. Hata uweke ndimu mbili, hata kipande cha muwa, lakini tupu haiendi. Nilitarajia ndimu mbili. Zikapita siku nne, kimya. Siku ya tano alasiri nikasikia hodi. Bi Badriya huyo na sahani yangu, na juu yake wali wa nazi, punje mojamoja, na mchuzi wa kamba unaonukia hata Masoud akaacha gazeti.

Nikachungulia dirishani. Moshi hakuna. Nikanusa. Harufu ya makaa hakuna.

"Umepika wapi, Bi Badriya?"

"Nyumbani kwangu."

"Kwa makaa gani?"

"Makaa sina, mwanangu," akasema, akatabasamu, akenda zake.

Ebo! Mtu hana makaa, hana moshi, anapika wali mzuri kuliko wangu? Sikulala vyema. Asubuhi nikachota makaa kikapu kimoja, nikapika biriani ndogo, sahani ikavuka. Kesho yake ikarudi na samaki wa kupaka. Nikapeleka sambusa. Ikarudi na maharage ya nazi yaliyolainika hata unayaponda kwa ulimi. Nikapeleka mkate wa kumimina, ikarudi na ndizi mbivu za nazi na iliki.

"Kidawa," Masoud akaniuliza, "wewe na yule bibi mnalishana au mnapigana?"

"Wewe kula tu."

"Nakula. Mie vita hivi naviombea visimalizike."

Nikaanza kupeleleza. Masoud alidhani wana jiko la mafuta ya taa, lakini mafuta nayo yalikuwa hayaonekani, na yangekuwepo ningeyanusa. Mie nilidhani jini. Msinicheke! Kila ikifika saa tatu, saa nne asubuhi, mwanga wa mviringo ulikuwa ukiingia chumbani kwangu, unatembea juu ya kabati, unapanda ukutani, unatoweka. Niliusomea Ayatul Kursi, kesho yake ukarudi. Tena siku za mvua sahani yangu haikuwa ikirudi. Inakaa huko mpaka kuanuke.

"Jini gani anayeogopa mvua?" nikamuuliza Masoud.

"Labda ana mafua."

Sasa sikilizeni nilivyojitia kitanzi mwenyewe. Tabia alikuwa kaposwa na kijana mmoja, Shaame, karani wa bandarini, na wameridhiana hasa. Lakini kwao hakiamuliwi kitu mpaka shangazi mtu, Bi Mwatum, aje kula chakula cha mchana nyumbani kwa msichana. Bi Mwatum huyo keshavunja posa mbili. Moja kwa sababu ya chumvi. Akaleta habari kuwa atakuja Jumapili na wanawake watatu, na mie nilikuwa na nusu gunia la makaa chini ya ngazi, nimeliweka kwa siku hiyo tu. Nimelitafuta wiki mbili lile.

Ndilo nililokuwa nikilichota. Kikapu kimoja tu, nasema. Kingine kidogo tu. Bi Badriya analeta mkate wa ndizi, na mie ninyamaze? Jumamosi jioni nikatia mkono ndani ya gunia, nikatoa vumbi.

Nikakimbia Darajani, hakuna. Mlandege, hakuna. Nikagonga kwa majirani, kila mtu ananiapia. Vifuu vya nazi nshavimaliza, kumbi zake nshazimaliza, na mabaki ya mbao za Masoud nayo yamekwisha. Masoud, masikini, akajitolea kukata kigoda chake cha kazi, lakini kigoda kimoja hakiivishi wali wa watu wanne na mchuzi. Tabia akakaa kwenye ngazi analia, hanilaumu, na kule kutonilaumu ndiko kulikoniumiza. Nikajiona mjinga. Nimemchezea mwanangu bahati yake kwa sababu ya sambusa!

Mficha uchi hazai. Jumapili saa tatu asubuhi nikabeba mchele, nazi na samaki wangu aina ya changu ndani ya kikapu, nikavuka kichochoro.

"Bi Badriya, shikamoo. Yule jini wako nnamtaka leo."

Akaniangalia, akaangalia kikapu, akacheka mpaka akashika kizingiti. "Sleiman!" akaita. "Mpandishe Bi Kidawa juu."

Tukapanda mpaka juu ya paa. Na nilichokiona pale ni mwavuli. Mwavuli mkubwa mweusi wa kiume, umefunuliwa na kulazwa chali juu ya kiti kibovu, ndani yote umegandishwa zile karatasi za rangi ya fedha za masanduku ya chai na vipande vya kioo cha kabati. Pembeni mwengine kama huo, mdogo kidogo. Katikati, pale penye mpini, inaning'inia sufuria iliyopakwa masizi, na ndani yake maji yanatokota.

"Moto uko wapi?" nikauliza.

Sleiman akanyoosha kidole juu angani.

Nikacheka. Nikasema mwalimu huyu vitabu vimempanda kichwani. Nikatia kidole pale pale penye mwanga ili nimuoneshe kuwa si kitu, na nikapiga ukelele waliousikia mpaka sokoni. Lengelenge lile nilikuwa nalo wiki nzima.

"Jua lote linaloingia ndani ya mwavuli linakutana hapo," Sleiman akanieleza, na huku anausogeza mwavuli kidogo kulifuata jua. Pale pale nikauona ule mviringo wangu wa mwanga unaruka kichochoro na kuingia dirishani kwangu. Alaa! Kumbe nilikuwa nikikisomea Ayatul Kursi kioo cha kabati.

Tukapika. Wali mwavuli mmoja, mchuzi mwavuli mwengine. Mie nimezoea moto wa kupulizia, kila dakika nataka kufunua nione.

"Acha kufunua, Kidawa! Unatoa joto," Bi Badriya ananigombeza.

"Mpaka lini?"

"Mpaka uive. Kaa."

Saa tano kikaja kiwingu, hakizidi kitambaa cha kichwa, kikakaa mbele ya jua kama kimealikwa. Maji yakanyamaza. Nikasimama nikakitukana kiwingu kile matusi yote ninayoyajua, na Sleiman, mwalimu wa watu, akageuka upande akajifanya hasikii. Kikaondoka. Saa saba wali ukawa tayari, na nnakwambieni kweli, mie mwenyewe sijapata kupika wali kama ule.

Tukavusha chakula haraka. Bi Mwatum akaingia na wenzake watatu, wamejaa marashi, macho yao kila pembe. Wakakaa mkekani, wakala. Bi Mwatum alikula kimya, akaongeza wali, akaongeza tena. Tabia kasimama mlangoni, mikono haijui pa kuiweka. Kisha Bi Mwatum akanawa, akafuta mdomo pole pole.

"Chakula kizuri," akasema. "Ila nilipoingia nilipita jikoni kwenu. Majiko ya baridi, hata jivu hakuna. Mmenunua?"

Mama wa msichana anayenunua chakula cha posa? Heri angeniita mwizi. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, lakini mie sipendi kushindwa, nshakwambieni.

"Nisamehe, Bi Mwatum," nikasema, nimeinua mabega. "Nyumba hii hainunui chakula. Nimepika mwenyewe, kwa mikono yangu hii miwili, bila ya msaada wa mtu."

Sijamaliza neno, mwanga wa mviringo ukaingia dirishani, ukanikaa puani.

Nikasogea kushoto. Ukanifuata. Nikasogea kulia, ukanifuata, ukanipanda jichoni. Bi Mwatum akasema "Audhubillahi!" akakusanya buibui lake. Tabia, badala ya kulia, akaanza kucheka. Nikafumba jicho moja, nikatazama juu. Bi Badriya huyo, kakaa kwenye ukingo wa paa lake na kipande cha kioo mkononi, kanikunjia uso.

"Basi!" nikapiga kelele. "Basi, Bi Badriya, nimesikia! Kapika yeye! Makaa sina, yamekwisha, nimeyamaliza kwa kushindana naye. Kapika jirani yangu, kwa jua!"

Nikasema hii posa ya tatu, nimeivunja mie mwenyewe.

"Kwa kitu gani?" Bi Mwatum akauliza.

"Kwa jua."

"Nionesheni."

Tukawapandisha juu ya paa wote wanne, na marashi yao. Bi Mwatum akauzunguka mwavuli mara tatu. Naye akatia kidole, nikamwacha. Alipomaliza kukinyonya kidole akamgeukia Sleiman.

"Nyumbani nina mwavuli wa kijani. Utafaa?"

"Utafaa, bibi."

"Na karatasi za chai unazo?" Kisha akamgeukia Tabia, kana kwamba amekumbuka alichojia. "Wewe, Shaame atakuja Ijumaa na wazee wake. Mwambie mama yako asinidanganye tena."

Jioni nikaiosha sahani yangu ya maua mekundu, aliyokuwa kaniletea juzi na mkate wa ndizi. Nikatafuta cha kuweka. Makaa sina, kilichopikwa kimeliwa, hata ndimu ndani hamna. Mkono mtupu haulambwi, lakini kungoja kesho nikaona haya. Nikavuka nayo tupu, mara ya kwanza maishani mwangu.

"Bi Badriya, leo sina kitu. Nimekuja na shukrani tu. Na unisamehe, nilikuoneni wenye kiburi."

Akanikalisha. Akaichukua sahani, akaiweka magotini.

"Ile siku ya kwanza," akasema, "unaikumbuka? Mchele wa foleni tulikuwa nao, lakini makaa hatuna, na kuomba siwezi. Tulikuwa hatujatia kitu tumboni tangu juzi yake. Nilifunga mlango usinione nikilia. Tukala, kisha sahani yako ikakaa hapo mezani siku nne inanitazama. Nikamwambia Sleiman, hii hairudi tupu, fanya ufanyavyo. Ndipo akauchukua mwavuli wa marehemu baba."

Likanitoka lile nililokuwa nimelikalia miaka.

"Kaka yangu ana eka tatu Tunguu."

"Najua," akasema. Akakisugua kidole chake kwenye ua moja la sahani. "Ule mnazi wa kisimani bado unazaa?"

"Unazaa."

"Nazi zake tamu," akasema.

Alhamisi nikapanda gari ya shamba mpaka Tunguu. Kaka yangu akaniuliza nataka nazi ngapi, nikamwambia za mnazi wa kisimani tu, na asiniulize. Kurudi nikampelekea Bi Badriya, nikamwambia naitaka ile sahani ya maua mekundu, nikazipanga juu yake nazi mbili zilizofuliwa, nikamkabidhi. Akazipokea kwa mikono miwili, na safari hii hakufunga mlango. Sahani yenyewe hajanirudishia mpaka leo, na simdai.