Somo la Kuvua

Watu wa mtaani walidhani kazi iko kwenye kuvaa. Waliwaona wauguzi kwenye televisheni wamejifunika kutoka utosini mpaka kisiginoni, miwani mikubwa, buti, glavu juu ya glavu, wakasema haya, sasa wamekingwa. Sista Taratibu akisikia hivyo alikuwa akiguna tu. Kuvaa hata mtoto wa chekechea anaweza, ukimpa muda. Balaa lilikuwa kwenye kuvua.

Alikuwa amestaafu kitambo. Jina hilo alipewa na wagonjwa, maana hakuna sindano aliyowahi kuchoma bila kutanguliza "taratibu, taratibu", kana kwamba mgonjwa ndiye aliyeshika sindano. Baada ya kustaafu alibaki na maua yake kwenye makopo, redio yake, na magoti yaliyokuwa yakilalamika kila akipanda ngazi. Kisha kirusi kikaingia mjini, na redio ikaacha nyimbo. Kila aliyepiga simu studio alikuwa na swali moja: wauguzi wanatuuguza, wao nani anawalinda? Mwanamume mmoja ambaye mke wake alikuwa mkunga alilia hewani. Wauguzi wa hospitali kuu wakakaa chini uani, wakasema hawaingii wodi ya waliotengwa mpaka waletewe mavazi ya kinga. Wenye mji wakawaunga mkono kwa walichonacho. Wakapeleka langoni mabuti ya bustani, glavu za kuoshea vyombo, makoti ya mvua, na mmoja, Mungu ambariki, akaleta miwani ya kuogelea ya watoto yenye picha za samaki. Mlinzi wa lango akakosa hata pa kuweka kiti chake.

Siku metroni wa hospitali alipomwita, Sista Taratibu alisimama mbele ya rundo lile la makoti ya mvua akashindwa kupita. Hakuwa anayaona hayo. Alikuwa anayaona ya zamani.

Maana enzi zao, kirusi kingine kilipowaingilia, koti la mvua ndilo lililokuwa vazi lao la kinga. Wodi ilikuwa ndefu, madirisha yake hayafungi vizuri, na yeye na rafiki yake Kicheko walikuwa wasichana waliotia wanga sare zao mpaka kola inasimama yenyewe. Kicheko alicheka kwa mwili mzima. Wagonjwa waliotoka kupasuliwa walimwomba akachekee nje, kwa sababu akianza na wao wanaanza, na nyuzi zinavuta. Kila jioni waliyaosha makoti kwa dawa, wakayaanika nyuma ya wodi, na Kicheko akawa anapita katikati yake yakichuruzika maji, anayasalimia moja moja kama madaktari. "Habari za kazi, daktari? Mbona umekonda hivyo? Mke hapiki?" Walikunywa chai kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, wakicheka mpaka metroni wa wakati huo, mwanamke asiyejua mzaha, anagonga ukuta. Sista Taratibu hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa miezi ile, wala hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Ukimwambia mtu hivyo anakuona umechanganyikiwa, kwa hiyo aliacha kuwaambia watu.

Kisha Kicheko akapata homa. Walipekua kichwani kila alichofanya, wasijue kirusi kilimwingilia wapi, jichoni, mdomoni, au kwenye kidonda kidogo cha kidole. Hakuna aliyewaza kuhusu kuvua. Kila mtu alilivua koti lake kama anavyolivua akifika nyumbani mvua imemnyeshea. Alipozikwa, koti lake lilibaki kwenye kamba, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulianua.

"Sista," metroni alimwita kutoka kwenye kibaraza. Huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, na mpaka leo alipoongea naye alisimama wima. "Mavazi yamekuja, ya kweli. Kelele za watu zimesaidia. Ila vijana wangu hawajui kuyavua, na mimi nikiwafokea wamezoea. Wewe watakuogopa. Haingii mtu wodini mpaka wewe useme amepita."

Alikubali papo hapo. Alirudi nyumbani amechangamka kama aliyeajiriwa upya, akapiga pasi sare yake ya zamani, nayo ikagoma kufunga kiunoni, akaicheka, akavaa gauni.

Asubuhi yake alipoingia kwenye ukumbi waliouondolea vitanda, mtu wa kwanza kumwona kwenye mstari alikuwa Kitinda, binti yake wa mwisho. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Hakuwa amemwambia mama yake kwamba amejiandikisha. Aliinamisha macho.

Kabla hata somo halijaanza, simu ikalia. Mwanawe wa kwanza. Naye alikuwa ndio kwanza amepata habari.

"Mama, si wewe ndiye unayeamua nani anaingia?"

"Ndiyo."

"Basi mwangushe. Sema hajaweza. Nani atajua?"

"Nina kazi, baba," alisema, akakata. Lakini maneno yale hayakukatika. Nani atajua? Kweli, nani?

Somo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Ukishavaa kila kitu, unachovya glavu kwenye beseni la rangi ya buluu iliyokorogwa nzito kama uji, na aproni yako inapakwa. Rangi hiyo ndiyo kirusi. Kisha unavua, kimoja kimoja, Sista Taratibu akikutajia kila hatua kwa sauti, nawa, fungua, kunja kuelekea nje, nawa tena. Mwisho anakukagua, ndipo unanawa kwa mara ya mwisho. Palipo na buluu, hapo umekufa.

Asubuhi ile walikufa wengi. Dereva wa gari la wagonjwa alitoka na sharubu za buluu, na yeye kwa kawaida hakuwa na sharubu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Sista Taratibu akawaacha wacheke, kwa sababu alijua kicheko hicho kinatoka wapi.

Ikafika zamu ya Kitinda. Mama mtu alitaja hatua kwa sauti ileile aliyowatajia wengine, na binti akazifuata bila pupa, taratibu kabisa, mpaka moyo wa mama ukawa unapanda kwa fahari na kushuka kwa hofu kwa wakati mmoja. Alipomaliza, alimkagua. Nyuma ya masikio, safi. Shingo, safi. Viganja, safi. Kisha akaona kwenye blauzi ya ndani, upande wa kushoto wa kifua, alama ndogo ya kidole gumba na nyingine ya kidole cha shahada, kama mtu aliyebana kitu.

Alijua mara moja. Muuguzi hubandika saa yake hapo, imepinduliwa, ili ainyanyue kwa vidole anapohesabu mapigo ya moyo. Mkono unaizoea saa hiyo mpaka unaifuata wenyewe, mwenye mkono akiwa hana habari. Kitinda alipofungua zipu ya vazi la kinga, na glavu chafu bado ziko mkononi, vidole vilikwenda kutafuta saa ambayo haikuwepo. Kosa hilo hawezi kulifanya seremala wala mwalimu. Ni la muuguzi, tena muuguzi mzuri. Na mkono wenyewe ulianza mapema: alipokuwa mchanga, kila akibebwa, alikuwa anaivuta saa ya mama yake kifuani na kuisikiliza.

Sista Taratibu alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi sana. Hakuhitaji kumwongopea mtu. Binti hajapita, na kama hataambiwa sababu hatapita kesho wala kesho kutwa, kwa sababu mkono usiojijua haujirekebishi. Angebaki wodi ya watoto, mzima, amenuna.

"Nimekosea wapi?" Kitinda aliuliza. Alikuwa anajitazama mikono, hakuona kifuani.

Mama aliitazama ile alama. Alimfikiria Kicheko, na saa yake iliyokuwa na ufa kwenye kioo, na namna alivyoinyanyua kila mara, hata akiwa anapiga soga. Labda ilikuwa hivyo. Labda haikuwa. Hatajua mpaka anaingia kaburini. Alichojua ni kwamba siku ile hapakuwa na mtu wa kumtazama Kicheko akivua.

"Hapa," alisema, akamwonyesha. "Ulishika saa."

"Sikushika kitu, Mama."

"Ulishika. Sote tunashika." Akawageukia wengine, akawaita wasogee waone. "Ukifungua zipu tu, mikono mbele, mbali na mwili, kama umebeba sinia. Useme kwa sauti: mikono mbele. Rudia."

Walirudia mchana kutwa. Kitinda alivaa, akachovya, akavua, akavaa tena. Mara ya pili mkono ulipanda nusu ukarudi. Baadaye ulitetemeka tu. Na Sista Taratibu aliona wazi anachokifanya, kwamba kila anavyomfundisha vizuri ndivyo anavyomsukuma karibu na mlango wa wodi ile.

Wakati wa kupumzika walikaa kwenye benchi, jasho linamtoka binti.

"Kaka kakwambia uniangushe."

"Kaniambia."

"Na wewe?"

"Nilitaka," alisema mama. "Bado nataka."

Kitinda alitikisa kichwa polepole. "Wodini kuna watu wamelala, Mama, hawana wa kuwapa maji."

"Najua. Nimewahi kuwapa. Nyanyuka, tuendelee."

Mara ya mwisho alivua kila kitu, mikono mbele, akisema kwa sauti, na vidole vikatulia. Mama alimkagua. Alitafuta masikioni, kwenye nywele, chini ya kidevu, kwenye mikunjo ya viwiko. Akarudia kifuani. Akarudia tena masikioni. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko alivyowatafuta wengine, na hakupata hata tone.

"Sista?" metroni aliuliza.

"Amepita," alisema.

Kitinda alimjia amefungua mikono, macho yamemjaa machozi. Hakuwa bado amenawa mara ya mwisho. Sista Taratibu alirudi nyuma hatua.

"Hujanawa."

"Mama, ni rangi tu. Na wala sina."

"Hujanawa, mwanangu."

Binti alisimama pale katikati ya ukumbi, mikono yake hewani. Kisha akaelewa, akageuka, akaenda kwenye bomba. Mama yake alibaki mahali pake, mikono ameifunga nyuma ya mgongo kwa nguvu, kwa sababu ilikuwa imeshaanza kumfuata binti.