Lastiki Chini ya Goti

Kwa maneno ya Mama Redio, jirani wa ukuta mmoja, ugonjwa ulimwingia mama yake Kitinda kupitia kitundu. Kile kitundu kilichoko juu ya kiti cha ndege, alisema, kinachopuliza baridi bila kupumzika. Mama wa watu alikaa chini yake saa kumi na moja nzima, upepo ukamshuka begani, kiunoni, pajani, mpaka ukatua kwenye mguu wa kushoto ukakosa pa kutokea.

"Upepo ukishaingia hutoka?" aliwauliza wanawake waliopanga ndoo bombani. "Hautoki ng'o! Unageuka maji, maji yanageuka damu, damu inaganda. Mimi nilisema. Si nilisema?"

Wakaitikia kwamba alisema. Mama Redio hajapanda ndege tangu azaliwe, ila mtoto wa shemeji yake anasukuma mizigo uwanja wa ndege, na kwa mtaa ule hilo lilimtosha kuwa rubani.

Kitinda alikuwa wa nne kwenye foleni. Aliyasikia yote, akatazama ndoo yake. Moyoni alitamani mno upepo uwe ndio uliofanya.

Walizaliwa wasichana wawili tu, miaka kumi na minne kati yao. Yeye ndiye kitinda mimba, na jina hilo mama alilomwitia likahamia mtaani, kisha likapanda kwenye kibao cha duka lake: KITINDA, FUNDI WA SARE ZA SHULE. Dada yake aliolewa akahamia ng'ambo. Mwaka huu alijifungua kwa upasuaji, akaomba mama aende akamsaidie kulea mtoto kwa miezi mitatu. Tiketi ikaja kwenye simu, na mama, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi, akaanza kukunja nguo wiki tatu kabla.

Tatizo lilikuwa mguu. Mama alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, na miaka mingi ya kusimama kwenye karo la saruji ilikuwa imeuharibu ule wa kushoto. Jioni ulijaa. Ukiubonyeza, kidole kiliacha shimo ambalo halikuwa na haraka ya kuondoka. Kila siku Kitinda aliuinua juu ya mito miwili, akaukanda kwa viganja kuelekea juu, huku mama akimsimulia vituko vya wageni na mashuka yao. Ndiyo maana hakukubali mama apande ndege kabla ya kumwona muuguzi.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Aliubonyeza mguu, akalitazama lile shimo.

"Mama yangu, ndege haina ubaya. Ubaya ni kukaa. Kwa umri wako na mguu huu, ukikaa kama gunia saa kumi na moja, damu inalala huko chini, na ikilala inaweza kuganda. Kwa hiyo utakunywa maji, kidogo kidogo, hata kama kiu huna. Kila baada ya saa moja utainuka, utembee kati ya viti. Omba kiti cha njiani. Ukiwa umekaa, chezesha nyayo kama anayekanyaga cherehani. Na utavaa soksi za kubana. Ziko duka kubwa la dawa, watakupima."

Hilo la cherehani lilimfurahisha Kitinda. Mama hakujua kusoma, na yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, basi akachomoa uzi mweupe mfukoni, akafunga mafundo manne: maji, kutembea, nyayo, soksi. Akaufunga kwenye mkono wa pochi ya mama.

Duka la dawa walikwenda siku ya Jumatano. Safari ilikuwa Jumamosi. Muuzaji alipima kifundo cha mguu, akapima shavu la mguu, akatazama rafu, akatikisa kichwa. Saizi ya mama ilikuwa imekwisha, nyingine ingefika baada ya wiki mbili. Kitinda akaomba kushika walau soksi ya saizi nyingine. Akaivuta kwa vidole, ikavutika na kurudi. Nzito, ngumu. Kumbe ndiyo hii tu? Kuuliza si ujinga, lakini fundi naye ana kiburi chake. Hakuuliza kitu.

Alirudi na jozi mbili za soksi nene za wanafunzi, za rangi ya bluu iliyoiva. Ukitaka kujua wazazi wanalalamikia nini katika sare, si marinda wala vifungo. Ni soksi kuanguka. Na hapo ndipo Kitinda alipopatia jina, maana soksi zilizopita mikononi mwake hazikuanguka hata mtoto akimbie kutwa. Siri yake ilikuwa lastiki pana, mizunguko miwili, chini kidogo ya goti. Kwa watoto aliacha nafasi ya vidole viwili. Kwa mama, akikumbuka neno "kubana", hakuacha hata ya ukucha. Ya kwanza ilimharibikia, akaiweka kando. Mbili zilizofuata zilitoka safi kama za kiwandani.

Ijumaa mchana mama alizijaribu.

"Zinabana, Kitinda."

"Ndiyo kazi yake, mama."

"Zinabana hapa juu. Huku chini ziko kawaida."

"Juu ndiko zinakoshikilia. Zikiporomoka huko angani nani atakupandishia, rubani? Niahidi huzivui mpaka umwone dada."

"Haya, bwana fundi." Mama akapiga saluti kama askari.

Ndipo alipoingia Mama Redio kuaga, na akaja na lake.

"Shoga, mengine yote ni sawa, ila choo cha ndege usikikaribie. Kina mdomo kile! Unabonyeza, kinavuta hwuuup! Kuna mama mmoja kilimnasa, akakaa nacho mpaka ndege ikatua, wakaitwa mafundi na bisibisi."

"Uongo!"

"Muulize mtoto wa shemeji yangu."

"Sasa nikibanwa?"

"Usinywe, hutabanwa. Kwani mkojo unatoka hewani?"

Walicheka wote watatu, mama mpaka machozi. "Mama, muuguzi kasema maji," Kitinda alisema huku akijifuta macho. "Nimesikia, fundo la kwanza," mama akajibu. Lakini macho ya mama yalibaki kwa Mama Redio kitambo kidogo, kicheko kikiwa kimeshaisha. Kitinda, ambaye hakuna kinachompita, aliliona hilo. Akaliacha lipite.

Uwanja wa ndege, kwenye mlango ambao wasindikizaji hawauvuki, mama aligeuka mara moja. Akainua pindo la gauni kidogo, kuonyesha kwamba soksi ziko juu.

Jumatatu saa sita mchana simu ililia, cherehani ikiwa katikati ya mshono.

"Mama yuko hospitali tangu jana," dada alisema. "Alishushwa kwa kiti cha magurudumu. Mguu umekuwa kama gogo, mwekundu, wa moto. Wanasema kuna bonge la damu kwenye mshipa. Kitinda, hakunywa hata tone njia nzima! Hakuinuka hata mara moja. Eti walimpa kiti cha dirishani, na waliokaa naye walilala, akaona aibu kuwaamsha watu wazima."

"Anaongea?"

"Anaongea. Na zile soksi, mlizitoa wapi? Wamezikata kwa mkasi. Zimemwachia mtaro chini ya goti, kidole kinaingia. Daktari anataka kujua ni duka gani linauza vitu vile."

Kitinda alitazama sindano iliyosimama ndani ya kitambaa.

"Dada, mtandao unakatika," akasema. Haukuwa unakatika.

Kesho yake alikwenda zahanati na ile soksi iliyomharibikia, ndani ya mfuko. Muuguzi aliigeuza nje ndani, akaivuta juu, akaivuta chini. Akavua miwani.

"Sikiliza, binti. Soksi ya mgonjwa inabana zaidi huku chini, kwenye kifundo, halafu inalegea kadiri inavyopanda, ili damu isukumwe juu. Hii imelegea chini, imefungwa juu. Hii ni kamba. Ni kama umeufunga mguu usirudishe damu." Akaiweka mezani. "Nani kashona?"

"Fundi mmoja hivi."

Muuguzi alimtazama kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji.

"Mwambie aache. Lakini usimtupie yeye mzigo wote. Kukaa nako kumo, kiu nayo imo, umri nao umo. Huwezi kusema ni kitu kimoja."

Kitinda aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa mwavuli wenye matundu. Yalimkinga hapa, yakamlowesha pale. Alikumbuka sauti ya mama: zinabana hapa juu, huku chini ziko kawaida. Mama alikuwa amemwambia. Mguu ulikuwa umesema ukweli wote kwa maneno machache, na fundi akaunyamazisha.

Siku ya nne dada alituma ujumbe mfupi: kipande cha lile bonge kimepanda kifuani, mama amewekewa hewa, tuombe. Ndiyo asubuhi ile ile Mama Redio alipokuwa bombani na kitundu chake.

Kitinda alijaza ndoo, akaibeba mpaka dukani, chumba cha mbele cha nyumba yao, akaitua. Simu ilitikisika mezani. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka simu ya dada, lakini pumzi iliyoanza kusikika ilikuwa ya mama.

"Kitinda, mwanangu... usiwe na wasiwasi. Naongea polepole, wameniwekea mpira puani kama ng'ombe." Akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi. "Mguu bado upo. Uzi wako ninao mkononi. Fundo la maji nililiruka, nisamehe, nilikiogopa kile choo. La kutembea nalo nililiruka. Lakini la soksi sikuliruka! Ziliuma, nikasema mwanangu kasema nisivue, sivui. Wamezikata hawa, nimesikitika, kazi nzuri vile. Nimewaambia wauguzi wote, na daktari, hizi kashona kitinda mimba wangu. Dada yako kanyamaza tu, sijui kanuna nini."

Pumzi. Chuma kikagongana na chuma mahali fulani.

"Sasa sikiliza. Kurudi wanasema bado sana. Lakini siku itafika, na mimi sitapanda ndege na soksi za mtu mwingine. Nishonee zingine. Zile zile. Mguu umenenepa kidogo, ila usilegeze, zishike vizuri pale chini ya goti. Sawa, mwanangu? Nijibu basi, nijue umesikia."

Kwenye simu ya dada, vialama viwili pembeni ya ujumbe vilikuwa vimeshageuka bluu. Huko wangeona kwamba amesikia.

Kitinda alibonyeza kitufe cha kurekodi, akakishikilia. Sekunde zikaanza kuhesabika: nne, saba, kumi. Upande wa pili wa ukuta Mama Redio alikuwa akimsimulia mgeni habari ya upepo, na sasa ulikuwa umeingilia sikioni. Mezani lililala roli la lastiki, limebakia nusu. Kumi na tano. Akaachia kidole, akafuta.

Juu ya kioo cha simu, chini ya jina la dada, palikuwa pameandikwa kwamba yuko mtandaoni. Maandishi yale hayakuondoka.